Chungu cha Kila Siku na Mshahara wa Mwezi

Katika nyumba nyingi za miji yetu mshahara hufika mara moja kwa mwezi, ilhali njaa hubisha hodi mara tatu kwa siku. Na baina ya majira hayo mawili, ambayo kwa tabia yake hayapatani, ndipo amani ya nyumba inapojengwa au inapobomolewa. Mtu aweza kuwa mwaminifu kazini, mpole kwa jirani na mwenye staha mbele ya wazee, lakini ifikapo tarehe 20, mchele umekwisha na mkoba hauna kitu, akamgeukia mwenzake wa ndani kwa maneno ambayo hata adui yake asingalimwambia. Nimeona ndoa zilizostahimili maradhi na misiba zikayumba kwa ajili ya kilo mbili za sukari. Kwa hiyo jambo hili, ambalo wengi hulidhania kuwa dogo kwa sababu ni la jikoni, nimeliweka mbele ya baraza, uani mwa nyumba moja ya Ngamiani mjini Tanga, mtaa ambao barabara zake huitwa kwa nambari, nikiwapa wasemaji kazi zao badala ya majina ili kila msomaji amtambue mtu wa mtaani kwake.

Hoja iliyowekwa ni hii: kwamba nyumba inayoishi kwa mshahara wa mwezi yapasa inunue chakula cha mwezi mzima siku ile ile mshahara uingiapo. Anayeitetea ni Karani, mzee aliyestaafu baada ya kuweka hesabu za bohari. Anayeipinga ni Mama Lishe, apikaye na kuuza chakula kando ya soko. Mwenye Duka ameitwa ashuhudie, maana madeni ya mtaa mzima yamo daftarini mwake. Bibi ndiye mwenye nyumba, na umri wake unampa haki ya kusema bila kuombwa. Na kiti cha usuluhishi amepewa Maalim, mwalimu wa chuo cha Qurani.

KARANI: Maalim, na ninyi jamaa mliohudhuria, nasimama upande wa hoja, nami nitaanza na mtu wa mfano ili tusiseme hewani. Tarehe 1 Mei 2025, katika sherehe za wafanyakazi zilizofanyika Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai ya mwaka ule. Namchukua mtumishi huyo wa kima cha chini, kwa kuwa akiweza yeye kulilinda fungu lake la chakula, aliye juu yake hana udhuru. Tuseme nyumbani kwake mna watu sita. Kilo moja ya mchele mchana na kilo moja ya unga usiku si israfu kwa vinywa sita; basi kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 30 za mchele na kilo 30 za unga, na juu yake maharage, sukari, mafuta, chumvi, majani ya chai na sabuni. Vitu hivi vyajulikana tangu tarehe 1, na kitu kijulikanacho tangu tarehe 1 sioni sababu kikanunuliwe mara 30.

Tazameni sasa hasara yake. Nachukua mfano wa hesabu tu, wala si bei ya duka la mtu: anunuaye mafuta ya kupima ya shilingi 500 kila siku hutoa shilingi 15,000 kwa mwezi, na ikiwa mafuta yayo hayo, kwa ujazo ule ule, yangalipatikana kwa dumu moja la shilingi 12,000, basi nyumba imepoteza shilingi 3,000 katika kitu kimoja, wala haikupata tone la ziada. Rudieni hesabu hiyo katika sukari, katika unga, katika mkaa ununuliwao kwa kopo, mtaona kwamba mwenye kipato kidogo ndiye anayenunua kwa bei kubwa. Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alipozichunguza hesabu za matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, alibainisha kwamba kadiri nyumba ilivyo fukara ndivyo fungu la chakula linavyokuwa kubwa katika matumizi yake yote. Tajiri akipunjwa katika unga amepunjwa katika sehemu ndogo ya mali yake. Fukara akipunjwa katika unga amepunjwa karibu katika kila alicho nacho. Nani basi mwenye haja zaidi ya kununua kwa jumla, ila yule ambaye tunamwambia hawezi?

MAMA LISHE: Shikamoo, Bibi. Maalim, asalamu alaikum. Mzee wangu Karani simpingi katika kujumlisha na kutoa, kwani hesabu alizijua kabla mimi sijazaliwa. Nampinga katika jambo ambalo hesabu zake hazikuligusa. Bohari haiugui, haina mtoto wa shule, wala haifiwi. Nyumba ina hayo yote. Mtumishi wake huyo akiisha kuugeuza mshahara kuwa viroba na madumu tarehe 1, kisha usiku wa tarehe 6 mtoto akapandwa na homa, je, ataupeleka mchele hospitali? Atakwenda kukopa, na mkopo wa haraka ni ghali kuliko mafuta ya kupima. Zile shilingi 3,000 alizookoa katika dumu zitakwenda, na nyingine nyingi zitazifuata.

Fauka ya hayo, mimi ni mpishi, na nililoliona kwa miaka nalisema: mkono wa mpishi hufuata ujazo wa chombo. Kiroba kikiwa kimejaa, ugali husongwa wa kubaki, chai huongezwa sukari bila kuulizwa, na jirani akituma mtoto na bakuli hurudi limejaa. Kiroba kikianza kulegea, hapo ndipo kipimo hukumbukwa, nayo ni tarehe 18. Anunuaye kilo moja kwa siku amewekewa mpaka na fedha yenyewe, hana haja ya kupigana na nafsi yake kila asubuhi.

Tena kuna kuharibika. Wahenga walisema akiba haiozi, na katika fedha walisema kweli. Lakini unga wa dona huoza, kwa kuwa kiini cha hindi, chenye mafuta, kimesagwa pamoja na ganda lake, na mafuta yale huchacha upesi katika joto na unyevu wa pwani yetu. Maharage yaliyokaa mno hugoma kuiva, yakala mkaa wa siku mbili kwa mlo mmoja. Mahindi yana dumuzi, yule ambaye wakulima humwita Scania, aliyeingia nchini kutoka Amerika mwishoni mwa miaka ya 1970, na ambaye akiachwa huliacha gunia likiwa vumbi. Na lililo baya kupita yote ni kuvu: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki kwa sumukuvu iliyokuwa ndani ya mahindi. Huwezi kumwambia kila mwenye nyumba awe mtunza ghala, hali yeye ana chumba kimoja, na chini ya kitanda ndiko stoo yake.

Hapa Maalim aliinua mkono akawaomba watenganishe, kwa sababu mmoja alikuwa akisema juu ya vitu vikavu na mwingine akichanganya vikavu na vibichi. Nami naona alifanya insafu. Sehemu kubwa ya magomvi ya nyumbani juu ya bajeti hutokana na kutia vyote katika fungu moja na kuliita chakula, ilhali mchele, nyanya na samaki kila kimoja kina umri wake na bei yake ina mwendo wake.

KARANI: Nakubali kutenganisha, wala sioni haya kukubali. Samaki na anunuliwe siku anayovuliwa. Atokaye soko la samaki la Deep Sea asubuhi ambayo bahari imekuwa karimu ataupata mkungu wa dagaa kwa nusu ya bei ya jana, na hakuna bajeti ya mwezi iwezayo kuitabiri asubuhi hiyo. Kabichi, karoti na viazi vishukavo kutoka Lushoto, nazi, nyanya, mchicha, hivi navyo viende kwa siku au kwa wiki. Hivyo navitengea fungu la fedha taslimu, lililogawanywa mara nne, kila wiki na lake. Na fungu la wiki hii lisiguswe na wiki ijayo, wala la wiki ijayo lisiazimwe na wiki hii.

Lakini katika vikavu siondoki nilipo. Mama Lishe asema mkono hufuata ujazo wa chombo. Ni kweli, na wazee wetu waliujua ukweli huo, ndiyo maana kila jiko lilikuwa na kibaba. Pishi moja ni vibaba vinne, na mchele haukutoka mtunguni ila umepita katika kibaba, ukapigwa kipara juu, bibi wa nyumba akiangalia. Tumeuacha ule utaratibu, tunachota kwa kiganja na kwa bakuli lolote lililo karibu, kisha tunalilaumu gunia. Na kuhusu dona, nakubali, asinunue unga. Na anunue mahindi makavu, akasage kidogo kidogo mashineni, wiki kwa wiki. Tena, ikiwa ana uwezo, asinunue ya mwezi mmoja tu: mavuno makubwa ya nchi hii huingia kati ya Mei na Agosti, na bei ya mahindi aghalabu hupanda tangu Desemba hadi Machi, basi mwenye kununua Julai, akayatia katika mifuko ya tabaka tatu izuiayo hewa, atakuwa amenunua Januari kwa bei ya Julai, na dumuzi atakosa pumzi.

MAMA LISHE: Akiwa ana uwezo, Mzee. Neno lako limebeba gunia zima.

BIBI: Wanangu, nisikilizeni kidogo. Mnazungumza juu ya kuweka na kutoweka kana kwamba ni hiari ya mtu daima. Mimi nimeuona wakati ambao hukuwa na la kuchagua. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979, na miaka iliyofuata, sukari, sabuni, unga wa ngano na mafuta vilikuwa adimu hata mtu akapanga foleni kabla ya adhana ya alfajiri, asijue foleni ile ni ya kitu gani, ila aone watu wamesimama naye asimame. Vitu vilipitia Kampuni ya Biashara ya Mkoa na maduka ya ushirika, na kwa balozi wa nyumba kumi ndiko ilikojulikana nyumba ina watu wangapi na itapata kilo ngapi. Wakati huo bajeti yetu iliandikwa na uhaba wenyewe. Kisha ukaja mwaka 1983, Marehemu Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ikawasaka walanguzi na wahujumu uchumi. Na watu, wengine wenye hatia na wengine wenye hofu tu, wakazitupa bidhaa usiku. Siku hizo gunia la sukari chumbani lilikuwa mashaka.

Lakini nawaambia lile nililojifunza, maana hamjaligusa. Siku zile, kwa kuwa kila mmoja alijua kuna kilo mbili za sukari na hazitaongezeka, nyumba nzima ilizijua. Marehemu mume wangu alizijua, watoto walizijua, hata mgeni alizijua, akaja na sukari yake katika karatasi. Hatukugombana juu ya sukari mwaka ule. Tuligombana baadaye, vitu vilipojaa madukani, na kila mtu akawa na siri yake.

MWENYE DUKA: Bibi amenifungulia mlango wa kusema, nami nasema kwa heshima, bila kumtaja mteja wangu hata mmoja. Nikiwa nyuma ya meza huuona mwezi wa kila nyumba. Wiki ya kwanza wateja wengi siwaoni. Hupita mbele ya duka na mifuko ya mjini, wakanisalimu kwa mbali. Wiki ya pili huja kwa fedha taslimu, hununua kilo. Wiki ya tatu kilo huwa nusu, nusu huwa robo. Wiki ya nne huja mtoto, na mtoto huja na maneno: baba amesema uandike. Na ninapoandika, msinilaumu, sina budi kufikiri juu ya yule asiyelipa. Wapo wenye maduka ambao bei ya daftari si bei ya fedha mkononi, na mteja hawezi kuuliza, maana anayekopa huona haya kuuliza bei.

Jambo jingine mlijue. Mchele na unga haviibomoi bajeti. Mtu huvikadiria vema, na hata akikosea hukosea kidogo. Kinachoibomoa ni sukari, na nyuma ya sukari vile vidogo visivyoandikwa popote: maandazi ya asubuhi, soda ya mgeni, vocha ya simu, biskuti ya mtoto aliyelia, sigara mbili za jioni. Hivyo haviingii katika orodha ya Mzee Karani kwa kuwa kila kimoja ni kidogo, na mtu huona haya kuandika kitu kidogo. Mimi navijua kwa sababu mimi ndimi ninayeviuza.

MAMA LISHE: Maalim, niruhusu niseme sasa lile lililonileta, kwani mengine yote ni pembezoni mwake. Mnamshauri nani anunue kwa mwezi? Mnamshauri mwanamke, kwa kuwa jiko ni lake. Lakini mwanamke huyo, katika nyumba nyingi ninazozijua, mshahara hauoni. Auonao ni noti zilizoachwa juu ya meza asubuhi, kila siku na zake, ndizo ziitwazo fedha ya matumizi: leo shilingi 10,000, kesho 7,000, keshokutwa hakuna, utajua mwenyewe. Mtu anayepewa fedha ya siku moja atanunuaje chakula cha mwezi? Mnamwita mjinga kwa kununua mafuta ya kupima, hali yeye amepimiwa fedha kwa kipimo hicho hicho. Hoja yenu haikufika jikoni. Imekwama mfukoni mwa mwanamume.

Na kwa kuwa hajui kesho ataachiwa nini, mwanamke naye hujifanyia hadhari. Katika zile 10,000 huficha 1,000, akaitia katika upatu, akangoja zamu yake kwa kijumbe. Na siku zamu ikifika, hununua gunia la mchele kwa mkupuo mmoja, mume akashangaa limetoka wapi, akaanza kupunguza fedha ya meza kwa kuwa aona nyumba ina neema. Basi mwezi ufuatao mke huficha zaidi. Mume haijui bei ya nyanya, mke haujui mshahara wa mume. Mume huona mkewe ni mbadhirifu, na mke huona mumewe ni bahili, na huenda hakuna mbadhirifu wala bahili katika nyumba ile, ila watu wawili waliofichana hesabu. Wanawake wa Tanga hawakukosa elimu ya kuweka akiba. Upatu ni akiba, tena ni akiba yenye nidhamu kuliko ya wasomi wengi. Wamekosa kuaminiwa na fedha ya mwezi kwa mwezi mmoja.

Kimya kilichofuata maneno haya hakikuwa cha ushindi wa mmoja, kwa maana Karani naye alikuwa na mke, na mkewe alikuwa ndani ya nyumba ile ile akisikia. Nami, ambaye kazi yangu hapa ni kuandika, siwezi kujizuia kusema kwamba huu ndio moyo wa jambo. Vitabu na warsha nyingi za matumizi ya nyumbani humfundisha mpishi kuorodhesha, kulinganisha bei na kujinyima, jambo ambalo ni jema. Lakini huandikwa kana kwamba mwenye kupika na mwenye kupokea ni mtu mmoja, au kana kwamba wamekwisha kuambiana kweli. Pasipo kuambiana kweli hakuna bajeti ya mwezi, kwa jumla wala kwa rejareja. Kuna makisio mawili yanayopishana ukumbini, na mwisho wa mwezi kila moja humlaumu mwenziwe.

KARANI: Sina jibu la kumshinda Mama Lishe, na sitalitafuta. Kazini kwangu, bohari ambayo mpokeaji haoni hati ya mtoaji ilihesabiwa kuwa imekwisha kuibiwa, hata kama hakijapotea kitu. Naongeza sharti katika hoja yangu: mshahara usomwe na wawili kabla haujanunua chochote, fungu la chakula likubaliwe na wawili, na likiisha kukubaliwa, aliyepewa jiko apewe fedha ya vikavu yote kwa pamoja na ya vibichi kwa wiki, asiombe tena wala asihesabiwe kila asubuhi. Na kabla ya hayo yote litolewe fungu la dharura, dogo iwezekanavyo lakini lisiloguswa, ili homa ya tarehe 6 isiule mchele wa tarehe 25.

MAALIM: Mmesema mengi, nami nitasema machache. Sheria yetu imemwekea mume kumlisha mkewe na watoto wake kwa wema, kila mtu kwa kadiri ya wasaa wake, na haikukifanya chakula kuwa fadhila anayoitoa akipenda. Basi anayeiacha fedha mezani leo na kuizuia kesho kwa hasira amekosea, hata ikiwa jumla ya mwezi imetimia. Na tumeamrishwa katika Qurani kutumia kwa wastani, baina ya israfu na uchoyo. Mambo mawili haya yote hayaonekani ila kwa mtu anayejua alicho nacho.

Lakini yupo mgeni mmoja ambaye hamkumtaja, naye ni mwezi mwandamo. Mshahara hufuata kalenda ya serikali. Ramadhani hufuata mwezi unaoonekana, nayo kila mwaka hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja hivi. Mwaka mmoja Ramadhani huanza pamoja na mshahara, mwaka mwingine huingia tarehe 18, fedha ikiwa imechoka, na tende, tambi, sukari, unga wa ngano na viazi vikuu vikawa vimepanda bei, na kabla ya hapo watu wamekwisha kuvunja jungu siku za mwisho za Shaabani. Kisha Idi ikafika na nguo zake. Asiyeandika miezi miwili hii pamoja, mwezi wa mshahara na mwezi wa saumu, atashangaa kila mwaka kwa jambo lijulikanalo tangu mwaka uliopita. Mwenye busara huanza kuitengea Ramadhani tangu Rajabu, kidogo kidogo.

MWENYE DUKA: Maalim, kwa idhini yako, nina shauri, na kwa kuwa mimi ni mfanyabiashara sitaficha kwamba nami nina maslahi ndani yake. Mteja anakopa kwangu mwisho wa mwezi, ananilipa mwanzo wa mwezi. Kwa nini tusiigeuze? Tarehe 1 anikabidhi fedha ya mchele na sukari ya mwezi mzima. Nikiwa na fedha ya nyumba 20 kwa pamoja, nitakwenda Mombo na Korogwe kununua mchele kwa wanaoulima, bila kumkopa mtu wa kati, na kila Ijumaa mteja aje kuchukua fungu lake la wiki kwa bei iliyo karibu na ya jumla. Gunia litakaa dukani kwangu, ambako kuna ghala na paka. Mkono wa mpishi hautaona kiroba kilichojaa, na mwenye chumba kimoja hatahitaji stoo.

MAMA LISHE: Na bei ikipanda tarehe 15, utaniambia fedha yangu imepungua?

MAALIM: Hapo ndipo muwe waangalifu. Kulipa kwanza na kupokea baadaye ni biashara ya kale, nayo yaitwa salam. Waliifanya watu wa Madina katika tende zao, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akawawekea masharti. Fedha yote ilipwe palepale mnapoagana, isibaki deni kwa upande wa mnunuzi. Kitu kijulikane aina yake na daraja lake, mchele wa wapi, mpya au wa zamani, uliochanganyika chenga au la. Uzito ujulikane, na upimwe kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, si kwa kopo lililobonyezwa tako. Muda ujulikane, Ijumaa ngapi na kilo ngapi kila Ijumaa. Bei ikiisha kuandikwa haipandi wala haishuki kwa mmoja wenu. Ikipanda sokoni, Mwenye Duka atastahimili, ikishuka, mteja atastahimili, na kwa sababu hiyo msiagane zaidi ya mwezi mmoja kwa mara ya kwanza. Akishindwa kuleta, airudishe fedha ya kilichobaki, yote, asimlazimishe mtu kuchukua maharage mahali pa mchele. Na iandikwe nakala mbili, zisainiwe na mume na mke wote wawili.

BIBI: Mimi nitakuwa wa kwanza, kwa kilo kumi. Nikiona chenga, nitarudisha.

MAMA LISHE: Nimebaki na swali moja, si langu peke yangu. Mimi sina tarehe 1. Wateja wangu ni wachukuzi wa sokoni na vibarua. Wao hupata jioni wakala usiku. Shauri hili litawafaa wenye mshahara, na vibarua hao watakuwa wamesahauliwa tena. Je, mtu akileta shilingi 1,000 leo, na 500 kesho, na keshokutwa hana, utampokea?

MWENYE DUKA: Nitampokea, dada yangu. Nitamfungulia ukurasa wake, na nitaandika kila anacholeta mbele ya macho yake.

MAALIM: Pokea, lakini usiuite salam, maana fedha haikutimia wala bei haikukatwa. Fedha ya huyo ni amana mikononi mwako. Usiitie katika safari ya Mombo, usiichanganye na ya nyumba 20. Ikae mahali pake, na siku akija kuitaka kwa ajili ya dawa ya mtoto, mpe fedha yake kamili saa ile ile, bila kumuuliza mchele wake utakuwaje. Akitimiza bei ya kilo tano, hapo mpimie kwa bei ya siku hiyo, ile ile unayomtoza mwenye mshahara. Mwandikie ukurasa mwingine, na juu yake uandike amana.